Giza la Kukodi: Miezi Minne na Darubini ya Pamoja Iliyoko Namibia

Kuanzia Mei hadi Agosti nimekuwa nikilipia nafasi moja kati ya nafasi kumi na mbili katika darubini ya pamoja iliyoko kwenye nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, nikiiongoza kwa kompyuta kutoka nyumba tunayopanga hapa Kasarani, Nairobi. Nia yangu ilikuwa moja tu: kupiga picha za nebula, yaani yale mawingu ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa, na mengine ambayo nyota huyaacha nyuma zinapokufa. Huduma yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa sababu yako malalamiko mawili ambayo bado naandikiana nao, na sioni vyema kumhukumu mtu hadharani kabla shauri halijakwisha. Hata hivyo, wenzangu kadhaa wa Nairobi wameniuliza kama fedha hizo zina thamani, na sasa nimeona ya kutosha kuwajibu.

Anayefikiria kujiunga aelewe kwanza kwamba halipii darubini. Hii tunayoitumia si kubwa: ni ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 106 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale picha inapojikusanya, wa milimita 530, na nyuma yake imefungwa kamera ya nyeusi na nyeupe ambayo hupozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri ili kihisi chake kisijaze picha chengachenga zinazotokana na joto. Anacholipia mtu ni giza. Nyumba yetu inatazamana na mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu ambayo mtaa mzima tuliifurahia siku ilipowashwa, kwa kuwa wanaorudi kazini usiku walianza kutembea bila hofu, na kamwe sitaomba izimwe. Lakini mwanga wake, pamoja na wa maelfu ya taa nyingine za jiji, hupanda juu ukatawanywa na vumbi na moshi, kisha ukaturudia kama utando wa rangi ya chungwa unaofunika kila kitu kilicho hafifu angani.

Tofauti hiyo inapimika. Katika vipimo wanavyotumia wapiga picha wa anga, anga la katikati ya jiji kubwa huwa kwenye ngazi ya 18 hivi, ilhali mahali penye giza la kweli hukaribia ngazi ya 22. Ngazi nne zinasikika chache, ila kila ngazi moja ni mwangaza wa karibu mara mbili na nusu ya ile inayofuata, kwa hiyo jumla yake ni mara 40. Kwa picha za rangi za kawaida, maana yake ni kwamba mwanga ambao darubini ya Namibia inaukusanya kwa saa 9, darubini hiyohiyo ikipandishwa juu ya paa letu ingehitaji saa 360 ili kutoa picha yenye usafi uleule, na hapo sijayahesabu mawingu. Wala si ajabu kwamba giza hilo limebaki huko. Kaunti ya Nairobi peke yake ilihesabiwa watu milioni 4.4 mwaka wa 2019, na Namibia nzima, nchi inayoizidi Kenya kwa ukubwa, ilihesabiwa watu milioni tatu tu mwaka wa 2023. Wanasayansi walilitambua hilo zamani. Darubini za H.E.S.S. zinazochunguza miale ya gama zimekuwa kwenye nyanda hizohizo, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tangu mwaka wa 2002.

Jambo la pili ni majira, nami naliona kuwa kubwa kuliko hata mulika mwizi. Sisi tulio karibu na Ikweta tumejaliwa anga ambalo wengi hulionea wivu, kwani kwa muda wa mwaka mmoja karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hutupitia. Lakini kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, pale kwenye kundinyota la Mshale palipojaa nebula kuliko kwingine kote, hufika kileleni usiku katika miezi ya Juni na Julai, na kila mkazi wa Nairobi anaijua Julai yetu: baridi, ukungu, na wingu zito la kijivu linaloweza kukaa wiki nzima bila kupasuka. Namibia miezi hiyohiyo ni kiangazi kikavu. Nebula ya Lagoon, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 4,000 kutoka kwetu, yaani mwanga wake husafiri miaka hiyo yote kutufikia, hupita karibu kabisa na utosi wa kituo chetu cha Khomas, mahali ambapo mwanga wake unapenya hewa kidogo kuliko pengine popote. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeitafuta Lagoon kupitia mianya ya mawingu ya Kasarani nikaambulia picha mbili zisizofaa kuonyeshwa mtu. Mwaka huu niliipata kwa usiku minne mfululizo.

Uendeshaji ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Mwezi unapokaribia kuandama, wanachama kumi na wawili hupiga kura ya kuchagua nebula mbili au tatu, anayesimamia zamu huandika maombi, na mtambo huamua wenyewe saa ya kuanza kwa kuangalia mawingu, upepo na mahali mwezi ulipo. Mwanachama pia ana saa chache zake binafsi kila mwezi. Hapo ndipo Mswahili anapaswa kuwa macho, kwa sababu ukurasa wa maombi hutumia saa za UTC, zile saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na sisi tena tuna saa zetu za kuhesabu kutoka alfajiri. Usiku wa kwanza nilitaka kuanza saa mbili za usiku za Nairobi. Nikazigeuza vizuri kuwa 20:00, nikaziandika hivyo hivyo bila kukumbuka kwamba zilitakiwa kuwa 17:00. Darubini ikaamka saa tano za usiku, wakati nebula niliyoitaka ilikwishaanza kuinama kuelekea upeo, na saa tatu nilizozililia zikawa zimepotea. Tangu hapo nimebandika karatasi ukutani juu ya kompyuta yenye safu tatu za saa, na sijakosea tena.

Nebula hiyo ilikuwa ile kubwa ya Mkuku, ambayo wengi huijua kama Carina, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nilipie mwezi wa pili. Iligunduliwa kutoka bara hili letu: mwanaastronomia Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliiandika katika orodha yake akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1752. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru 7,500, na bado angani inachukua upana wa karibu miezi minne iliyopangwa sambamba. Kutoka Nairobi haipandi zaidi ya nyuzi 31 juu ya upeo wa kusini, ndani kabisa ya utando wa taa za jiji. Kutoka Khomas hupanda nyuzi 53, na mwezi wa Mei giza linapoingia huwa tayari iko kileleni, hivyo mtu anapata saa nne nzuri kabla haijashuka sana.

Picha ya kwanza ilipoingia nilidhani kamera ina kasoro. Dakika tano nzima lenzi ilikuwa wazi, na nilichoona ni uso mweusi wenye nukta nyeupe chache, kama meza iliyomwagikiwa chumvi. Kisha nikakumbuka kwamba faili ile ina ngazi 65,536 za mwangaza, na nebula yote imejibana katika zile chache za chini kabisa. Nikaivuta, yaani nikazitanua ngazi hizo za chini kwenye kompyuta ili zionekane. Kutoka kwenye weusi ule likainuka wingu lenye mikunjo, lililokatwa na mistari miwili mipana ya vumbi inayokutana kama herufi V, na katikati yake doa jeusi ambamo mwanaastronomia Mwingereza John Herschel, aliyeichora nebula hii akiwa Rasi miaka ya 1830, aliona umbo la tundu la ufunguo. Pembeni ya tundu hilo kuna nyota Eta Carinae, ambayo mwaka wa 1843 ililipuka kwa mng'ao hata ikawa nyota ya pili kwa kung'aa angani baada ya Sirius, kisha ikafifia. Wingu la gesi ililolitupa wakati ule lingali linatanuka. Katika picha yangu lina upana wa pikseli 12 tu, chembe ya rangi ya chungwa isiyo na umbo, na hapo ndipo nilipoona mpaka wa darubini hii: imetengenezwa kwa mandhari mapana, na anayetaka undani wa vitu vidogo atafute nyingine yenye fokasi ndefu zaidi.

Tulipiga picha 108 za dakika tano tano kwa usiku tatu, kupitia vichujio vinavyoruhusu rangi moja finyu ya mwanga kupita: mwekundu wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, na wa oksijeni wa nanomita 500.7. Vichujio hivi huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa na wa mwezi, na mtu aliye Nairobi anaweza kuanza navyo hata nyumbani. Hesabu yangu ya saa 360 haihusu picha za vichujio hivi. Baada ya kila picha darubini husogea kidogo sana upande, jambo linalosumbua mwanzoni kulitazama, lakini ndilo linalofanya madoa ya kihisi yasiangukie mahali pamoja. Picha zinapopandanishwa, kinachojirudia ni nebula, na kisichojirudia, yakiwemo madoa hayo na michirizi ya satelaiti, huondolewa. Usafi wa picha hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: saa 9 hazitoi picha safi mara tisa kuliko saa 1, bali mara tatu. Kwa hiyo ule muda mwingi si anasa. Programu ya Siril, ambayo haiuzwi, inatosha kabisa kwa kazi hiyo, na kompyuta yangu ya miaka sita iliimaliza ingawa ililalama usiku kucha.

Kupakua ni shughuli. Kila faili ina megabaiti 52, hivyo Carina peke yake ilikuwa gigabaiti 5.6, na mara mbili stima ilipotea katikati. Anayetumia bando za simu afikirie tena.

Mama alipotutembelea mwezi wa Juni nilimwonyesha picha iliyokamilika. Aliishika simu karibu na macho, akaitazama kwa muda, akasema, "Na wewe ulikuwa wapi hii ikipigwa, mwanangu?" Nikamwambia, "Nilikuwa hapahapa, mama, nimekaa kwenye hicho kiti." Akauliza tena kwa upole, "Basi picha ni ya nani?" Sikuwa na jibu la haraka, na swali lile nimelichukua kwa uzito. Mmarekani Henry Draper, aliyekuwa wa kwanza kuipiga picha nebula ya Jabari, kundinyota ambalo wengi huliita Orion, tarehe 30 Septemba 1880, aliisubiri dakika 51 darubini ikiwa mbele yake, naye aliujua ubaridi wa usiku ule. Mimi usiku wa Namibia sijawahi kuuhisi. Lakini nimeona pia kwamba sisi kumi na wawili tulipewa faili zilezile 108, na tukatoa picha kumi na mbili zisizofanana: mmoja ameipa haidrojeni rangi ya dhahabu, mwingine ameufinyanga ule mstari wa vumbi hata ukaonekana kama korongo, mimi nimeiacha nyekundu na nikaacha pembe zake ziwe giza kwa sababu ndivyo zilivyo. Kwa hiyo huwa nasema waziwazi chini ya kila picha kwamba data ni ya kundi na ilipigwa kwa mbali, na kwamba uchaguzi wa rangi na kosa lolote lililomo ni langu.

Nije sasa kwenye malalamiko. La kwanza linahusu usiku mmoja wa katikati ya Juni. Kwenye nyanda zile jua likizama baridi hushuka haraka, bomba la darubini husinyaa, na fokasi huhama. Ndiyo maana mtambo unapaswa kurudia kuweka fokasi kila joto linapobadilika kwa nyuzi chache. Usiku ule haukurudia. Kati ya picha 60 nilizopewa, 41 zilikuwa na nyota zilizovimba kama mbegu za mpapai, na zote zilikatwa kwenye saa zangu binafsi kana kwamba zilikuwa nzima. Huduma kwa wateja ilijibu baada ya siku tatu na kunirejeshea nusu ya muda. Nusu si haki. Mtu hakosi fokasi nusu, na kosa halikuwa langu, na katika huduma ambayo bidhaa yake ni saa za usiku, saa iliyoharibika inapaswa kurudi kamili.

La pili limenikera zaidi kwa sababu linaonyesha uzembe. Pamoja na picha za nebula, huduma hutoa picha za kusahihishia: za giza, zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa ili kuondoa kasoro za kihisi, na za mwanga sawa, zinazopigwa kuelekea ubao mweupe ulioangazwa ili kufuta vivuli vya vumbi lililotua juu ya kioo na vichujio. Hizi za mwanga sawa hufaa tu ikiwa hakuna kilichoguswa tangu zilipopigwa. Mwezi wa Julai kamera ilifunguliwa ikasafishwa, tukaarifiwa vizuri, lakini tukaendelea kupewa picha za kusahihishia za Mei. Matokeo yake ni kwamba Lagoon yangu ilitokea na miviringo, mmoja ukiwa juu kabisa ya ukingo angavu wa nebula, mithili ya alama inayoachwa mezani na kikombe cha chai. Miviringo ya zamani ilikuwa imefutwa mahali ambapo haikuwapo tena, na mipya ikaachwa. Nilitumia jioni tano kuipunguza kwa mkono. Hadi naandika haya, seti mpya imeahidiwa mara mbili.

Kwa gharama, nafasi yangu ilikuwa takriban shilingi 7,800 kwa mwezi, niliyolipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa bila usumbufu. Kununua darubini, kamera na mtambo wa kuizungusha wa kiwango hicho ni zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya ushuru, na ukishavinunua bado unabaki chini ya mulika mwizi. Mlinganisho wa haki zaidi ni safari ya Magadi, kusini mwa Kenya, ambako anga ni zuri kweli. Gari la kukodi, mafuta na chakula cha usiku mmoja hunigharimu zaidi ya mwezi mzima wa Namibia, na mara mbili nimefika huko nikakuta mawingu.

Hata hivyo simshauri mtu alipie mwaka mzima, na huduma inapokushawishi kwa punguzo la miezi 12 kataa kwa heshima. Kuanzia Desemba hadi Machi mvua huwa Namibia, na siku za kuona hupungua, ilhali Januari na Februari ndiyo miezi yetu mikavu. Wakati huo Jabari hupita karibu na utosi wetu, na nebula yake huonekana hata kwa macho matupu ukiwa mbali na jiji. Kilimia nacho, ambacho wazee wetu walikitumia kupima majira ya kulima na ambacho kamera huonyesha kimezungukwa na ukungu wa vumbi la buluu, hupanda nyuzi 65 kutoka kwetu na hakizidi nyuzi 43 kutoka Khomas. Kwa hayo mawili Mkenya hana sababu ya kukodi anga la mtu. Achukue kamera na lenzi aliyo nayo, atafute wenzake wanne wa kuchanga mafuta, aende Magadi.

Mimi nimeomba nafasi ya Septemba peke yake, na kura yangu nimeitia kwa Helix, nebula ya nyota iliyokufa iliyo umbali wa miaka ya nuru 650 hivi, ambayo wakati huo huwa juu usiku kucha. Kabla ya kutuma fedha nimewaandikia kuuliza seti ya mwisho ya picha za mwanga sawa ilipigwa tarehe gani. Hawajajibu, na sijalipa.